Ubongo wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Utafiti wa ubongo wa wazee umeanza. Muuguzi hupiga simu asubuhi na jioni, husoma maneno kumi, hunipigisha soga dakika tano, kisha niyarudie. Asubuhi: tisa. Jioni: manne! Jirani yangu, fundi cherehani, naye yumo. Nane na nane. Mke wangu akasema, bila kuulizwa, kwamba kichwa cha jirani ni wembe. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mimi hajaniita hata kisu butu. Wiki ijayo daktari atachagua mzee mmoja apigwe picha ya ubongo. Lazima niwe mimi. Mke wangu aone kwa macho yake.

Jumanne, 4 Machi
Daktari alinieleza kuwa ubongo haukai kiwango kimoja: usingizi, uchovu na wasiwasi huupandisha na kuushusha. Nilimshukuru, nikanunua penseli. Muuguzi akisoma, naandika. Kumi na kumi! Akasema hongera, babu. Sikuona haya. Nilipokimbia kwetu niliacha nyumba na vitabu vyangu vyote ng'ambo ya mpaka; dunia inanidai, haiwezi kuninyima maneno kumi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi bado nane na nane. Roho inaniuma. Wasiwasi hushusha? Haya! Kabla ya simu ya jioni nilipita dukani kwake, nikamwambia bwana harusi fulani analalamika suruali ina mguu mmoja mfupi. Uongo mtupu. Akabaki akipima hewa kwa utepe. Jioni: matatu. Akacheka, akasema, mzee mwenzangu, leo kichwa kimekuwa tenga. Nikampa pole. Nikala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimempelekea habari za zipu. Mawili!

Jumatatu, 10 Machi
Klinikini, nimevaa tai. Daktari akasema anachunguza kinachotokea kichwani mtu yuleyule anapokuwa mkali asubuhi na mzito jioni. Anataka ubongo unaopanda na kushuka. Wangu, akasema, tangu Jumanne umenyooka kama rula. Hauna cha kumwonyesha. Kamchagua fundi, akapigwa picha palepale! Mke wangu ameishika picha ile kama ya mjukuu mchanga.

Jumanne, 11 Machi
Mwezi ujao watachagua mwingine. Najua wanachotaka. Asubuhi nitakumbuka yote, jioni nitasahau manane. Nimeandika ratiba kabisa, nisije nikasahau lini nisahau.