Kikohozi cha Mama Watoto

Jumatatu, 3 Juni
Napiga taipu bila kuona. Nilikuwa mpiga taipu wa ofisi, na mashine hii ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kwetu kuja huku kutibiwa. Miezi minne tangu daktari anidunge jichoni jeni ya mwani, itengenezayo protini ya kunasa nuru. (Mama Watoto aliuliza kama sasa awe ananimwagilia maji.) Nimepewa na miwani mizito ya kukuza mwanga. Mazoezi: saa nzima kila siku, kutafuta vikombe mezani. Asiyeonyesha maendeleo Ijumaa atairudisha.
Miaka kumi na moja sijauona uso wa mke wangu. Kesho naanza!

Jumanne, 4 Juni
Nililala. Miwani inanibana pua.
Fundi Cherehani, mgonjwa mwenzangu, amepiga simu kujigamba kwamba ameona kijiko. Nikamwambia mimi nimeona sindano. Akauliza namba ngapi. Nikakata simu.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu imepatikana! Siku ya mtihani Mama Watoto atakaa nyuma yangu. Kikombe kimoja, akohoe mara moja. Vitatu, mara tatu. Alisema kazi ya macho haifanywi na mapafu. Nikamkumbusha kiapo cha ndoa. Akasema anakikumbuka, hakikuwa na kikohozi. Amekubali, shingo upande.

Alhamisi, 6 Juni
Anakohoa tangu alfajiri. Nimemsifu: mazoezi ndiyo siri ya ushindi. Amenitupia leso.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Nilivaa miwani. Meza nyeupe, na juu yake, ajabu, vivuli viwili vyeusi! Niliviona! Nyuma yangu: koh, koh, koh. Macho haya ni ya juzi. Mke ni wa miaka arobaini ya ndoa. Nikatangaza: vitatu!
Vilikuwa viwili. Kikohozi nacho hakikukoma, kikafika kumi na saba. Muuguzi akasema ni kweli mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini mzee, hapa hatuna vikombe vyote hivyo. Daktari hakucheka. Amenipa wiki moja, ya mwisho. Fundi ameondoka na miwani yake, akipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa kikohozi. Ijumaa ijayo atagonga sakafu kwa kisigino.
Nimemweleza akiwa amesimama dirishani, nami nimevaa miwani. Hatimaye nikauona uso wake! Hafifu, lakini ni wenyewe, ukienda kushoto, kulia, kushoto, kulia.
Bila shaka amekubali.