Kizibo cha Don Evaristo

Ifahamike kwa wakazi wote wa Asunción na vitongoji vyake kwamba macho ya mtumishi wa umma ni mali ya serikali. Ndivyo alivyotangaza Don Evaristo Cañete, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Utulivu wa Macho, alipozindua Mkakati Shirikishi wa Kudhibiti Utangatangaji wa Kidijitali. Watumishi walipiga makofi kwenye mapaja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika chupa ya maji baridi ya tereré, chai ya majani ya kwao.

Tatizo lilikuwa zito jamani. Mtu anafungua video ya mafunzo kazini, pembeni inachomoza ya kukanda mikate ya chipa, halafu ya kapibara, panya mkubwa wa mtoni, anayeoga, mara saa za kazi zimekwisha. Don Evaristo aliyajua haya vizuri. Mwenyewe aliwahi kutafuta namna ya kufunga tai, akazinduka jioni, tai bado mkononi, kapibara wote anawajua kwa sura. Hapo ndipo alipogundua kwamba wananchi wana tatizo.

Kazi akapewa Zunilda Ayala, fundi wa kompyuta mwenye mkataba wa muda na watoto watatu wa kudumu. Akaunda kiendelezi, kijiprogramu cha kubandika kwenye kivinjari, kinachoficha mapendekezo, maoni, na video zinazojiwasha zenyewe. Inabaki ile uliyoitafuta tu. Ofisi nzima ikakiita Kizibo.

Don Evaristo akatoa tafsiri rasmi, akaichapisha kwenye bango kubwa uani: KIVURUGIO NI CHOCHOTE KINACHOMTOKEA MTU MACHONI BILA YEYE KUKIOMBA.

"Na siku ya kuzindua Kizibo mbele ya Waziri," akamwambia Zunilda, "hotuba yangu ijiwashe yenyewe kwenye kompyuta zote za serikali."

Zunilda akajaribu kumweleza. "Bosi, ikijiwasha yenyewe, Kizibo kitaiziba."

"Kinizibe mimi? Kwani hakijui mimi ni nani?"

"Hakijui vyeo, bosi. Labda nikuwekee msamaha."

"Sheria haina msamaha!" Don Evaristo akagonga meza. "Kikipenya kitu hata kimoja, dada yangu, rudi kwenu Caacupé ukauze chipa."

Zunilda alikuwa amebanwa huku na huku. Asingeweka msamaha, bosi angemla nyama. Angeweka, kitu kingekuwa kimepenya. Akawafikiria wanawe, akaamua potelea mbali, akaifuata sheria kama ilivyoandikwa.

Siku ikafika, na jua lake. Waziri, Doña Ermelinda Ocampos, akaketi mbele ya skrini uani. Tarishi Taciano akazungusha pembe ya kunywea tereré, kila mtu akinywa na kuirudisha kimya, kwani anayesema asante ameaga duru na hapewi tena.

Saa ikagonga. Skrini ikawa nyeupe pee, na maandishi madogo chini: "Hujaomba kitu. Endelea na kazi."

Don Evaristo, pembe mkononi, akageuka rangi. Waziri akatazama ule weupe kwa utulivu, akasikiliza ndege, akajipepea, akafumba macho kidogo.

"Hotuba nzuri sana," akasema mwishowe.

"Mheshimiwa, haijaanza!"

"Ndiyo uzuri wake. Nani kaunda hiki kitu?"

Zunilda akanyoosha mkono.

"Kuna kilichopenya?"

"Hakuna, mheshimiwa. Hata bosi hakupenya."

Taciano akapaliwa na tereré. Waziri akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu aajiriwe moja kwa moja, leo hii!" Zunilda akapiga kigelegele kabla hajajizuia, watu wakamdaka kwa vifijo.

"Na mimi, mheshimiwa?" akauliza Don Evaristo.

Waziri akalisoma bango kwa sauti, neno kwa neno, kisha akawageukia watumishi. "Jamani, kuna aliyemwomba huyu?"

Wakatazamana. Walikuwa watiifu, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wasitazame wasichokiomba. Wote wakatazama viatu vyao.

"Basi idara imefaulu kabisa," akasema Waziri. "Haihitaji tena Mkurugenzi. Hongera sana."

Don Evaristo alikuwa amewaitikia mawaziri maisha yake yote, na mdomo ukamtangulia. "Asante, mheshimiwa."

Taciano akaisikia hiyo asante. Akamwondolea pembe mkononi kwa heshima zote, akaijaza, akampa Zunilda.