Yah: Kubandikwa Utasa kwenye Ubao wa Hitilafu

Mapokezi,
Kinondoni.
Agosti, 1996

Ndugu Meneja Fakihi,

Shikamoo. Ni mie mpokezi wako, nikaaye nje ya mlango wako. Nakuandikia kwa sababu habari za uzazi hazisemeki uso kwa uso na mwanamume wa makamo yako.

Ulipoagiza kila hitilafu ya programu zetu iandikwe kwenye kadi, ibandikwe lebo na itundikwe ubaoni, nilikuunga mkono. Nyekundu HARAKA, njano BADO, kijani IMEKWISHA. Ile nyeupe, HAIZAI, mlisema ni ya hitilafu ambayo fundi akijaribu kuirudia kwenye mashine yake haitokei. Nikacheka. Sasa nalia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Niliripoti kwamba programu ya yule mwenye bucha wa Temeke inagoma kila nikiandika ng'ombe. Stephano, fundi wetu, kajaribu kwake, haikugoma. Itagomaje, na yeye kaandika ngombe, bila kile kialama cha juu! Jamani, huyo ndiye msomi wetu.

2. Jina la aliyeripoti huandikwa juu ya kadi kwa herufi kubwa. Stephano akabandika lebo nyeupe juu ya maelezo yote, na kwa haraka zake herufi moja ikamponyoka. Kadi ikasomeka: FARIDA HAZAI. Ingekuwa HAIZAI ningejitetea kwa ngeli, niseme inayosemwa ni hitilafu. Hiyo sasa ni mie kabisa.

3. Ijumaa akaja mama yake Marijani, mchumba wangu, eti anapita tu. Kutoka Kiwalani mpaka hapa hakuna anayepita tu. Alikuja kunichunguza, na ni haki yake. Kiti cha wageni kinatazamana na ubao. Kasoma. Soda kaiacha nusu, kaondoka. Jumapili mshenga kaleta neno kwamba posa isimame kwanza. Ndugu Meneja, mie nampenda Marijani. Hata kitambaa cha harusi nimeshachagua.

4. Wateja nao wanasoma. Mmoja kaniletea mizizi ya kuchemsha. Genoveva anayefagia ofisi ananisalia novena, na mie Mwislamu!

5. Kwa hiyo naomba lebo ibanduliwe leo. Stephano apelekwe Kiwalani, asimame mbele ya ukoo mzima awafafanulie ngeli ya I-ZI. Akirudi, abandikwe BADO mgongoni, aivae mpaka naye apate mke. Na kama ofisi inataka ushahidi kwamba nazaa, basi ofisi igharimie harusi.

Nisalimie mama watoto nyumbani, na mafundi wote huko ndani isipokuwa mmoja, anajijua.

Wako katika kazi na katika aibu,

Farida Twalib

Nyongeza: Kabla sijaingiza barua hii kwako, jana jioni Marijani kaja nyumbani, kawaambia wazee ananioa hivyo hivyo, tuzae tusizae. Nimelia mpaka macho yamevimba. Mama yake kakubali shingo upande, na mwanawe kamwapisha asiguse kabisa habari ya tumbo langu. Dada yangu Lulu kaolewa mwaka jana, na kila mwezi wakwe wanamkagua kiuno kama kimenenepa. Marijani nitamweleza ukweli mwenyewe, tukishaoana. Lebo naomba ibaki. Tena mkiweza, herufi zikuzwe kidogo: Jumatatu wanakuja mawifi, na mmoja haoni vizuri.