Beringi ya Upande wa Kushoto

Jumatano, 4 Septemba 2024. Bugarama.

Mke wangu Violeth bado yuko kwao Kolandoto. Kosa langu, kwa maelezo ya ukoo mzima, ni kwamba aliniambia baba yake amelazwa, nami nikamjibu: sawa, nunua maandazi mawili. Mtu nimechoka! Nashinda kwenye karasha, mashine inasaga mawe ya dhahabu kutwa, masikio yamejaa vumbi. Hilo hawalisemi. Na mzee mwenyewe alipona, anakula ugali.

Leo mwalimu Paskazia wa kanisani katoa hukumu. Jumapili Violeth atakuja na wazazi wake. Atasema yaliyo moyoni, mimi nitanyamaza, kisha nitarudia alichosema. Nikiweza, mke anarudi. Nikishindwa, baba mkwe amesema ng'ombe wangu wa mahari wako tayari kurudi kwangu. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha.

Nimeogopa. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jana niligombana na redio.

Alhamisi, 5 Septemba.

Mazoezi ya kusikiliza, kanisani. Paskazia alisema hata sala zetu ni kelele tupu: tunamwaga shida, tunasema amina, tunaondoka kabla Mungu hajakohoa. Akatuambia tunyamaze. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nilisikia vizuri kuliko wote: karasha yangu kule ng'ambo, beringi ya upande wa kushoto, inayoshika ekseli, inaanza kulia. Nani mwingine aliisikia? Hakuna.

Kisha nikapangwa na Marselino, kaka yake Violeth. Huyu anapendwa na kila mtu kwa sababu ya kukaa kimya tu, kazi ambayo hata jiwe linaiweza. Nilimweleza habari za beringi. Akarudia yote, akaongeza kwamba nina hofu. Sikusema hivyo! Mchawi. Zamu yake ilipofika nilimtazama usoni, nikatikisa kichwa, nikangoja amalize ili nimuulize dada yake atasema nini Jumapili. Akajibu nimuulize mwenyewe. Halafu akataka nirudie aliyoyasema yeye. Nikamwambia ni mambo ya maisha, na kwamba nimeguswa sana.

Jumamosi, 7 Septemba.

Nimepata dawa. Kwa nini nihangaike kusikiliza siku yenyewe, wakati ninaweza kujua mapema? Nimekwenda kwa Mbuke, muuza chapati, shoga yake Violeth. Alianza kwa kugoma. Nikamsifia chapati hadi akalainika. Malalamiko ni haya: mlango wa jikoni haufungi, redio naiwasha mtu akiongea, na safari ya Mwanza niliyoahidi imeota majani. Hapo Mbuke akaweka mwiko chini, akasema kuna jingine, ndilo kubwa kuliko yote. Nikamkata. Inatosha, kichwa kina mwisho wake.

Njiani nimeongeza la nne kwa busara yangu: kuku wake wa mayai niliyemuuza, nikasema kabebwa na kicheche. Hilo lazima analijua.

Mlango, redio, Mwanza, kuku. Mlango, redio, Mwanza, kuku. Niko tayari.

Jumapili, 8 Septemba.



Tuliketi baada ya ibada. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, kwa hiyo macho yangu yalikuwa sakafuni, kama adabu inavyotaka mbele ya mkwe. Violeth akaanza kuongea taratibu. Sauti yake ilinipendeza, nilikuwa nimeikosa. Nikafumba macho na kukariri. Katikati mama mkwe akapiga kigelegele. Nikajua ni njama ya kunitoa kwenye mstari. Nikakaza.

Paskazia akaniambia nirudie. Nikarudia bila kigugumizi, mpaka kuku.

Violeth akauliza kuku gani.

Paskazia akanipa nafasi ya pili, kwa huruma. Nikarudia vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Baba mkwe akainuka, akachukua kofia yake.

Marselino ndiye aliyenieleza, nje, karibu na baiskeli. Violeth ana mimba. Miaka sita tumengoja. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki, kila mtu aliiona isipokuwa mimi. Na alikuwa amesema amenisamehe, kwamba nikirudia neno hilo moja tu anarudi leoleo. Nilikaa chini mavumbini nikalia, mtu mzima na suti yangu.

Paskazia amewasihi wazee. Ng'ombe wangoje. Violeth atanipigia Jumanne, mara moja tu. Nimeapa mbele ya msalaba: nitamsikiliza.

Jumanne, 10 Septemba.

Nimejiandaa tangu alfajiri. Nimenyoa, nimeweka simu chaji, nimekaa mbali na karasha, upande wa upepo. Paskazia angeniona angefurahi.

Simu imeita. Violeth! Ameanza kwa upole. Nikasikiliza kwa roho yangu yote, na kwa kuwa roho ilikuwa imetulia hivyo, nikaisikia kule ng'ambo: beringi, upande wa kushoto, inalia vibaya. Mtu asiye na utulivu asingeisikia. Violeth akaendelea, nami nikaendelea kuitikia, ee, ee, sawa, nitakuja. Mwishoni akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa kila kitu. Akacheka, akalia kidogo. Kazi imekwisha. Ni rahisi kumbe.

Nimekimbilia karasha. Beringi imekufa kabisa, kama nilivyosema tangu Alhamisi.

Jua limeshaelemea magharibi. Marselino amefika na pikipiki, jasho linamtoka, anasema dada yake yuko stendi ya Kahama na mabegi tangu mchana, kwamba nilimwahidi kumpokea, kwamba basi la mwisho la kurudi kwao linaondoka jioni hii. Maneno mengi kwa wakati mmoja. Nimemwonyesha kwa mkono angoje, nimeweka sikio kwenye ekseli. Beringi ya kulia nayo imeanza, kwa mbali sana.

Halafu wanasema mimi sisikilizi.