Kinyumenyume na Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kasafiri. Siku kumi, kwa dada yake. Kabla ya kuondoka alituita sebuleni kwake, mimi na Mwanyumba, akatukalisha kwenye kochi moja kama watoto waliovunja kioo. Akasema mwanawe mkubwa anamletea gari jipya. Hili la zamani, la otomatiki, rangi ya maziwa, atamwachia mkwe mmoja. Yupi? Mwenye mkono wa uangalifu.

Basi ni mtihani! Mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, kakabidhiwa vyungu arobaini na kimoja vya maua. Mimi nimekabidhiwa gari lenyewe. Niliwashe kila asubuhi, nilizungushe mtaa mara moja, nilirudishe. "Usiguse kitu kingine," akasema, kidole usoni kwangu. Kidole cha mkunga mstaafu. Kimepokea nusu ya watu wa mji huu. Hakitaniwi.

Mwanyumba anafanya kazi ofisi ya mizani na vipimo. Alikuja na kikombe chake chenye mistari. Kila chungu robo kikombe, akasema, akaandika kwenye daftari. Mama mkwe akamwita "baba". Mimi, miaka tisa ndani ya ukoo huu, bado ananiita "fundi friji".

Ni kweli mimi ni fundi friji. Lakini kuna namna ya kulitamka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeliendesha. Ukitoa leva kwenye P ya kuegesha kwenda D ya mbele, gari linagonga. Tk! Kidogo tu, kama mtu anayefyonya. Mke wangu alikuwa kando yangu. Kasema hasikii kitu, na kama kipo, kipo tangu siku ya harusi yetu. Ndivyo magonjwa yanavyoua watu! Yanazoeleka.

Wazo! Mama mkwe arudi akute gari zima kuliko alivyoliacha. Bila kelele wala majivuno. Nitasimama tu karibu na boneti, nikijifuta mikono kwa kitambaa. Mwanyumba atakuwa na nini? Maua yaliyonyweshwa. Hata mvua inaiweza kazi hiyo, na haina daftari.

Giaboksi ya otomatiki sijawahi kuifungua. Lakini nimeitafakari wakati wa chai. Ni chuma kilichofungwa, ndani mna kimiminika kinachozunguka na pampu inayokisukuma. Hiyo si friji? Ni friji yenye magurudumu!

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vipimo. Vijiti vya kupimia oili viko viwili: kimoja cha injini, kingine, kirefu zaidi, cha giaboksi. Mtu wa kawaida angevichanganya. Mimi nilivichanganya mara moja tu.

Injini niliizima, nikaiacha ipoe kabisa. Usalama kwanza. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikachovya, nikachomoa tena. Rangi: nyekundu safi, inang'aa kama kucha za bibi harusi. Harufu: haina dalili ya kuungua. Lakini kiasi, loo! Imepita alama ya juu kwa kidole kizima!

Ugonjwa umepatikana. Imezidi! Friji ukiijaza gesi kupita kiasi inakufa. Hapa ni vivyo hivyo. Mama wa watu miaka kumi na tisa anaendesha gari lililovimbiwa, na hakuna mkwe aliyeshtuka. Isipokuwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Upasuaji. Nililala chini ya gari, uani kwa mama mkwe, na beseni la mke wangu la kufulia. Nia ilikuwa kupunguza kikombe kimoja. Nikalegeza boliti ya chini nusu duara. Kimya. Nusu nyingine. Kimya. Nusu nyingine, boliti ikanidondokea kwenye paji la uso, na oili yote ya giaboksi nyuma yake.

Kidole kimoja kwenye tundu, mkono mwingine beseni zima ukitafuta boliti, jicho moja limefumba. Nilipoirudisha, kikombe kimoja kilikuwa kimegeuka nusu beseni.

Ndipo geti likalia. Mwanyumba! Chombo cha karibu kilikuwa kopo la kumwagilia maua. Nikamimina humo yote, nikakaa juu ya bampa nikipiga mluzi.

Yule bwana ana macho ya mkaguzi. Akauliza ni nini hicho chekundu kwenye kopo lake. Ulimi ukatangulia akili: nikasema ni dawa ya maua. Ya kisasa. Mizizi inaipenda kupita kiasi. Nilidhani atacheka. Akauliza kipimo.

Akauliza kipimo! Nikajibu kwamba anayejua vipimo ni yeye. Uso wake mzima ukachanua, akaondoka na kopo na kikombe chake. Vyungu arobaini na kimoja, robo robo. Nilifungua kinywa nimzuie. Lakini kumzuia ni kueleza, na kueleza ni kukiri. Nikakifunga.

Nimelala mchana kidogo. Dhamiri haikuniruhusu zaidi ya saa mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi: gari limewaka vizuri. D. Hakuna tk! Nilipiga kofi usukani kwa furaha. Kisha nikagundua hakuna tk kwa sababu hakuna chochote. Injini inanguruma, gari limetulia kama linaswali. Baada ya muda likashtuka, likaondoka. Nikasema moyoni, linazoea.

Mbele ya duka la dawa, mtaa wa tatu, likagoma. D: hapana. Gia nyingine za mbele: hapana. R: naam! Linarudi nyuma kwa moyo mkunjufu.

Nimerejea kwa mama mkwe kinyumenyume. Mitaa mitatu. Shingo imegeuka kama ya bundi, taa za hatari zinawaka. Bibi mmoja mwenye mwavuli alitembea sambamba nami, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, akanipita.

Na pale kwenye kona, nani? Mwanyumba, na daftari. Akauliza kulikoni. Nikamwambia gia ya nyuma husafishwa mara moja kwa mwaka, na husafishwa kwa kuendeshwa mfululizo. Akalitazama gurudumu la mbele. Kisha akaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Si kushindwa, ni marekebisho. Nilipunguza mno; basi nirudishe. Lakini ile nyekundu iko kwenye maua. Kwenye rafu yangu kuna mafuta ya kompresa ya friji. Safi, meupe, ya daraja la juu. Mafuta ni mafuta! Nikamimina kopo zima, na lingine lililobaki nusu, kwa kuwa niliona aibu kuliacha.

Nikawasha. Giaboksi ikalia kama paka aliyekanyagwa. Kisha kwenye tundu la kijiti likaanza kutoka povu. La rangi ya waridi. Lililopendeza, kusema kweli. Liliendelea kutoka mpaka likafika kwenye betri.

Sasa hata R haina. Mfa maji haachi kutapatapa. Mimi nimefia kwenye povu.

Jumapili, 9 Machi

Maua yananyauka. Mwanyumba kaja nyumbani kwangu, shati halikupigwa pasi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kasema majani yanakuwa ya njano kuanzia pembeni. Anahofia alitoa dozi ndogo. Akaniuliza kama ile dawa ipo nyingine.

Nikamwambia imekwisha. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Alipoondoka, mke wangu akatoka na beseni lake mkononi. Halikuwa tena beseni la kufulia nguo nyeupe. Akaniuliza swali moja, nikajibu maswali saba. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaacha kucheka ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa. Kasema lile gari mama yake alilitumia kwenda kuzalisha watu usiku na mchana, lilimlipa kwa kutomwangusha hata siku moja, na mimi nimeliua kwa siku sita. Kesho nilipeleke kwa fundi wa giaboksi, nyuma ya duka la mbao. La sivyo atampigia mama yake yeye mwenyewe.

Sikula vizuri. Mama mkwe ananiita fundi friji, lakini siku mtoto wetu alipozaliwa ni yeye aliyeniletea kiti. Nilikuwa nalikumbuka hilo kila nilipolitazama gari.

Jumatatu, 10 Machi

Tumelisukuma. Peke yangu nisingeweza, nikamwita Mwanyumba. Nilimwambia giaboksi inahitaji kutembezwa ikiwa imelala. Akasukuma na suruali yake ya ofisini.

Fundi ni mama mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanusa. Akanitazama kwa muda.

"Kaka, humu kuna nini? Umefua?"

Nikaanza habari za friji. Akanikatiza kwa kuinua kijiti tu. Akauliza nilipimaje. Nikasema kwa fahari: injini imezimwa, imepoa. Akafumba macho.

Kasema oili ya giaboksi hupimwa gari likiwa moto, injini inanguruma, mahali tambarare, baada ya kupitisha leva kwenye kila herufi. Likizimwa, oili yote inarudi kukaa chini. "Ni kama umeingia nyumbani kwa watu saa za kulala, ukahesabu vichwa, ukasema familia imezidi, ukafukuza nusu."

Na ile tk? Akaingia chini dakika mbili, akatoka. Mpira unaoshikilia injini umechakaa. Basi. Giaboksi ilikuwa nzima kuliko sisi sote tuliosimama pale. Sasa itabidi aisafishe yote, abadilishe filta, atie oili inayotakiwa, aombe Mungu kwamba klachi za ndani hazijaungua.

Mwanyumba akapangusa vumbi kwenye suruali yake. Kisha akauliza, polepole sana:

"Fundi, hiyo oili yenyewe, ikiwa safi, ni ya rangi gani?"

"Nyekundu," akasema fundi.

Akafungua daftari. Akarudi nyuma kurasa mbili. Akasoma. Akalifunga. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Njiani nikampa hoja yangu: tuko mtumbwi mmoja. Yeye kaua maua, mimi nimeua gari. Tukinyamaza wote, lawama itaangukia jua. Siku mbili zinatosha kupanga maneno. Akasema mimi ni shetani. Kufika getini kwake akasema, haya, jua.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe karudi leo! Siku mbili kabla! Nilipoitwa nilimkuta Mwanyumba tayari yuko kwenye lile kochi.

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani, bado na viatu vya safari. Akachukua udongo wa chungu cha kwanza, akausugua kati ya vidole viwili, akanusa.

"Hii ni oili ya giaboksi," akasema.

Mwanyumba akasema ni jua. Kwa hofu akalisema kabla hajaulizwa.

Yakabainika mambo mawili. Kwanza, miaka kumi na tisa amekuwa akiipima ile oili mwenyewe kila mwezi, injini moto, kama inavyotakiwa. Pili, fundi wa giaboksi alizaliwa mikononi mwake. Gari lilipoingizwa tu pale, kabla sijamaliza kueleza habari za friji, simu ilikwishapigwa.

Akauliza: nani? Mimi nikamnyooshea Mwanyumba kidole. Mwanyumba akaninyooshea mimi. Wakati uleule, kama tulifanya mazoezi.

Jumatano, 12 Machi

Hukumu. Klachi zimepona, fundi kasema ni kwa rehema. Gari linakwenda kwa mabinti wawili, kwa zamu, wiki kwa wiki. Wakwe wataruhusiwa kupanda, viti vya nyuma. Boneti hatutaifungua hata ikitoka moshi. Na kila Jumamosi, mimi na Mwanyumba tutapanda maua mapya, pamoja, mpaka vyungu vyote vijae.

Nilimwomba mama mkwe radhi. Kwa kweli, bila hila. Nilimwambia nilitaka tu siku moja anione. Akanitazama kama anavyosoma joto la mgonjwa. Akasema ananiona miaka tisa sasa, na ndiyo maana alisema nisiguse kitu.

Mwanyumba akakohoa. Naapa alikuwa anacheka.

Jumamosi, 15 Machi

Adhabu imeanza. Tumejaza vyungu tisa. Mwanyumba anapima udongo, mimi nachimba. Hatusemezani, ila amenipa glovu zake za ziada.

Mama mkwe kaondoka na mabinti zake wote wawili kwenda kuchagua miche. Wamepita getini madirisha wazi, wanaimba. Giaboksi laini kama siagi! Ukitazama kwa haki, shukrani ni zangu. Nisingeiharibu, nani angegundua mpira umechakaa?

Nimeingia ndani kunawa. Bafuni nimekuta mashine ya kufulia ya mama mkwe ikiendelea na kazi. Ilipofika kukamua, ikatetemeka mwili mzima, ikatembea kutoka ukutani. Nikamwita Mwanyumba. Kapima: sentimita kumi na nne! Hii si mashine nzima. Hii inaomba msaada, na mwenyewe hajui.

Nimeisoma kwa mbele. Imeandikwa ni ya otomatiki kabisa. Sasa nauliza: katika ukoo huu wote, nani mwenye uzoefu na otomatiki kunizidi?

Mwanyumba kasema hapana. Kisha kauliza ina skrubu ngapi. Hawarudi kabla ya saa nane. Tochi anayo yeye.