Fundi Saa na Mcheri wa Mkewe

Jumapili, 2 Machi

Siku ya tano mke wangu yuko hospitali. Goti limefunguliwa, limetengenezwa, limefungwa. Daktari anasema atarudi tarehe kumi na tano. Nimemwahidi kwamba siku hiyo ataketi dirishani na kuuona mcheri wake umechanua.

Mcheri huu hauzai matunda ya kula, kazi yake ni maua tu. Nilimpandia miaka minne iliyopita, baada ya yeye kusimama mbele ya mcheri wa watu muda mrefu hadi nikadhani ameangusha kitu. Haujatoa ua hata moja. Mwaka wa kwanza niliufukia chini mno. Mwaka wa pili niliulisha samadi mpaka ukaugua. Mwaka wa tatu sikumbuki vizuri, ila kosa halikuwa langu.

Leo nimeukagua kwa lenzi ya kazini. Mimi ni fundi saa, mitambo naielewa. Juu kuna matawi membamba yenye vinundu kama chunusi. Chini ya shina yametoka machipukizi matano marefu, yamenyooka kama askari wa gwaride. Jambo liko wazi: goigoi wa juu wanawanyonya hodari wa chini. Nimechukua msumeno, nimewaondoa wa juu. Dakika ishirini tu. Nimejisikia kijana.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja shemeji, kaka yake mke wangu. Ni mtunza bustani za mji na hapendi mtu asahau hilo. Aliutazama mcheri, akavua kofia kama aliyefika msibani.

Akaeleza. Mti huu ni miti miwili. Chini ni shina la mwitu, gumu, la kushika ardhi tu. Juu yake ndipo ulipobebeshwa, yaani kuunganishwa, mcheri wenyewe. Akanionyesha kovu la kiungo. Hodari wangu watano wametoka chini ya kovu, mwitu mtupu. Zile chunusi zilikuwa vitumba vya maua.

Nikamwambia nilishuku hivyo. Akauliza, kama nilishuku, nilikata kwa nini. Nikamwambia chai inapoa.

Bahati nzuri tawi moja la juu limebaki, kwa sababu ngazi yetu ni fupi. Shemeji anasema mti utapona polepole. Na matawi niliyokata yako wapi? Nyuma ya jiko. Akashauri niyachomeke kwenye ndoo za maji ya uvuguvugu, ndani ya nyumba, penye mwanga, huenda yakachanua. Nilikataa, maana mtu ana heshima yake. Alipokata kona tu, nikakimbilia nyuma ya jiko.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Mke wangu aliuliza habari za mti. Nikasema umenyolewa kidogo. Akanitazama vile anavyonitazama nikisema nimeshiba.

"Umeukata," akasema.

Nikamwambia muuguzi anakuja. Hakukuwa na muuguzi.

Jumatatu, 10 Machi

Ndoo nne sebuleni, ua hakuna. Vitumba vimefumba kama mdomo wa mtoto aliyekataa dawa. Nikaamua vinahitaji joto. Nikaleta mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele.

Jirani, mwalimu mstaafu, aliingia kumjulia hali mgonjwa akanikuta nikipuliza tawi baada ya tawi. Aliuliza kama nala vizuri. Baada ya saa moja akarudi na bakuli la supu. Sikumweleza kitu. Supu ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka, limefunguka moja. Jeupe, na rangi ya waridi kidogo pembeni, jepesi kuliko karatasi ya kufungia saa. Nikakaa sakafuni mbele ya ndoo. Kufikia saa sita yalikuwa arobaini na saba. Kazi ya siku nzima sikuifanya.

Lakini ahadi ilikuwa mti, siyo ndoo. Nimeyafunga matawi yote juu ya mcheri kwa waya mwembamba, kila moja na kichupa chake cha maji. Shemeji alisema huu ni wazimu, yakae ndani. Alisema hivyo huku akinishikia ngazi aliyoileta yeye mwenyewe, ndefu kuliko yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Tukamketisha dirishani, mguu juu ya mto. Akautazama mcheri kuanzia juu hadi chini. Mimi na shemeji tukasimama nyuma yake kama watoto wanaosubiri matokeo.

"Huu ni mti wa kwanza kuuona wenye chupa za dawa ya kikohozi," akasema.

Akacheka hadi akashika goti. Kisha hakucheka tena, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akaniambia, "Yalete ndani, baba. Upepo utayamaliza."

Tukayafungua moja moja. Nusu ya petali zilimwagika njiani. Moja ilimwangukia kwenye bandeji, nikataka kuiondoa, akanizuia mkono. Hakuuachia. Tumekaa hivyo mpaka shemeji akaona aibu, akaenda kuosha vikombe.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji ameyakata machipukizi ya mwitu, yote matano. Sikutazama. Mke wangu ameniapisha mbele ya kaka yake: mcheri sitaugusa tena, hata kwa kidole. Nimeapa, na mimi ni mtu wa neno langu.

Kuhusu mwaridi wake wa pale mlangoni hakusema lolote. Leo nimeupitia kwa lenzi. Juu ni vijiti vikavu vyenye miiba na vinundu visivyo na maana. Ila chini kabisa limechipuka moja refu, la kijani, limenyooka vizuri sana. Linahitaji nafasi tu.

Kesho anapelekwa kliniki kufanyishwa mazoezi ya goti. Saa mbili nzima. Atafurahi sana akirudi.