Asali Isiyofika Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeelewa hesabu. Mimi! Darasa zima la marudio limetoa macho, mwalimu kaandika ubaoni nusu, na x ndogo imeipanda begani kama kipeo. Tutafute upeo, yaani majibu yote yanayoweza kutoka. Weka 1, unapata nusu. Weka 2, robo. Weka hasi, inapaa bila kikomo. Kushuka nako inashuka, inashuka, lakini sifuri haigusi ng'o. Jibu: zaidi ya sifuri. Binamu yangu Kalamu-Nne (anabeba nne mfukoni, anaandika kwa moja) akanakili. Mimi nikawaza chupa ya Bibi.

Ni asali ya mwisho ya mizinga ya marehemu Babu, imebaki vijiko vichache tu. Kila Ijumaa Bibi analamba kijiko kimoja, anafumba macho, anafunika. Sasa, nikila kila siku nusu ya iliyobaki, itaishaje? Hesabu imesema, si mimi. Nimeanza.

Jumanne, 4 Machi

Nusu nyingine. Ubongo unang'aa. Kalamu-Nne kauliza mbona nanukia maua. Nikamwambia ndiyo harufu ya akili, atazoea.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nusu, leo nusu. Nusu ya leo ilikuwa kulamba kidole mara moja. Chini umebaki utando. Ni zaidi ya sifuri, sikatai, ila nikiinamisha chupa hakuna kinachoshuka. Nimeirudisha rafuni, lebo mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi alikwangua kwa kijiko. Kijiko kikatoka kikavu. Nikamweleza upesi habari za upeo, kwamba kihesabu asali haijaisha na haitaisha milele. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea chupa mkononi.

"Sawa, mjukuu wangu. Hebu nionyeshe hiyo zaidi."

Akamimina maji ya moto ndani, akatikisa, akanywa nusu. Nusu akanisogezea. Akasema Babu naye alikuwa akimbakizia nusu ya kila kitu.

Nilikunywa. Yalikuwa maji matupu. Bora angenichapa.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio. Swali: nusu yenye x begani, ongeza tatu, upeo wake? Nikaandika: zaidi ya sifuri, isipokuwa Ijumaa. Nimekosa. Kalamu-Nne kapata: zaidi ya tatu. Mwalimu kasema ile tatu inainua majibu yote, hayatashuka mpaka tatu hata ufanyeje. Binamu akaniazima kalamu nisahihishe. Aibu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa mfuga nyuki aliyenunua mizinga ya Babu. Nimemwoshea ndoo tangu asubuhi, nimeumwa na nyuki sikioni, kanipa chupa ndogo ya asali. Bibi akaishika kwa mikono miwili, akasema ataionja Ijumaa. Akaiweka rafuni.

Sitaigusa. Nimeapa.

Saa nane mchana. Nimewaza tu. Kosa langu lilikuwa kusahau ile tatu! Nimechora mstari kwa penseli kwenye lebo ya chupa, vijiko vitatu kutoka chini. Hivyo ni vya Bibi. Nikila nusu ya kilicho juu ya mstari, mstari hautaguswa kamwe.

Saa tisa. Nusu.

Saa kumi. Nusu.

Saa kumi na moja. Nimeufuta mstari, nimeuchora chini kidogo.